Mwanamume wa Kwenye Santuri

Santuri ilifika kutoka Ulaya katikati ya joto, siku zile ambazo cité nzima ya Albert, mtaa wa Waafrika wa Élisabethville, hutembea ikitazama juu kutafuta wingu, na ikapigwa kwa mara ya kwanza Jumapili baada ya misa, katika baa ya Mama Kapinga. Gramafoni ilitolewa nje, ikawekwa mezani karibu na ukuta wa chokaa, watu wakaizunguka. Faustin Mwenze alisimama mbele kabisa. Tarumbeta iliyomo ndani ya santuri hiyo ilikuwa yake, wimbo alikuwa ameutunga yeye, na jina la wimbo lilikuwa la mkewe, Adolphine. Alikuwa amevaa koti na tai kwenye joto lile, jasho likimtiririka mgongoni. Kichwa kilikuwa kimemvimba tangu asubuhi, na kwa kweli nani asingevimba?

"Tosha ile tai," Adolphine alimnong'oneza. "Utakufa na joto."

Akaitoa, akaitia mfukoni. Mama Kapinga akashusha sindano.

Kwanza ulikuja mkwaruzo, kama mahindi yanayokaangwa kwenye kikaango. Kisha gitaa la Godefroid Kapya, kiongozi wa orkesta. Kisha sauti ya Godefroid mwenyewe ikipaza "Allez!" kuwachangamsha wenzake, na hapo watu wakaangua kicheko, maana iliyotoka ilikuwa sauti ya mtoto wa shule. Godefroid, mtu mzima mwenye shingo nene na kifua cha ng'ombe, alicheka kuliko wote.

"Nalikuwa na mafua!" alisema.

Kisha tarumbeta ikaingia, na kicheko kikakatika. Ilikuwa nyembamba, kali, yenye haraka, ikiruka kutoka noti hadi noti bila kugusa chini. Miguu ya watu ilianza yenyewe. Wanawake wa Société La Rose, chama cha Adolphine, waliovaa vitenge vya sare, wakapiga vigelegele, na noti ya mwisho ilipopanda juu kabisa na kukaa huko, mzee mmoja akatupa kofia yake hewani.

Faustin alitega sikio. Kila kitu mle ndani kilikuwa chake. Alitambua mahali alipoiba pumzi, alitambua pale katikati ambapo pistoni ya pili ya tarumbeta ilikwama kidogo chini ya kidole na noti ikajikwaa. Lakini vyote vilikuwa vimesogezwa juu na kukimbizwa, kama mtu aliyerudi kutoka kazini akakuta nyumba yake imehamishiwa juu ya kichuguu, na milango na madirisha yake yote.

"Haina mimi," alinong'ona, yaani huyo si yeye.

Adolphine hakusikia. Alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, akamtazama usoni kama mtu anayemwona mgeni wa heshima.

"Njo weye ule?" alimuuliza. "Faustin, njo weye kweli?"

Angeweza kusema hapana. Angesema hapana siku ile, pale pale, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini mwanamume akitazamwa vile na mke wake mwenyewe, ulimi humteleza.

"Njo mimi," alisema.

Wimbo ule haukuzaliwa kwa ajili ya kuchezwa. Miaka miwili nyuma walikuwa wamemzika binti yao Wivine kabla hajaanza kutembea, na Adolphine aliacha kulala. Jioni Faustin alikuwa akirudi kutoka karakana ya reli, anakaa uani kwenye kigoda, anaziba nusu ya tundu pana la mbele la tarumbeta kwa kofia, anapuliza polepole. Alikuwa amesikia santuri za Wamarekani weusi zilizoletwa na wasafiri kutoka Rhodesia, akapenda jinsi zilivyolia bila aibu, naye akataka kulia vile. Alipiga katika si bémol, chini, mahali ambapo tarumbeta yake ilikuwa na sauti ya kifua. Adolphine alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Baadaye alikuwa akilala. Faustin aliamini kwamba wimbo ndio uliomlaza, akampa jina lake.

Godefroid ndiye aliyesema wimbo huo urekodiwe. Walikwenda mjini, kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja Mgiriki, Bwana Stamati, aliyekuwa na mashine ya kurekodia katikati ya magunia ya unga na marobota ya vitambaa. Mchana ule umeme wa mji ulikuwa umekatika, Mgiriki akawasha injini yake ya uani. Injini ilikuwa mzee. Ilikohoa, ikashika, ikazunguka kwa uvivu, na balbu juu ya vichwa vyao ikawa ya njano kama kiini cha yai. Waliiona wote. Hakuna aliyejali, kwani balbu haipigi muziki.

Sasa Faustin aliikumbuka balbu ile usiku na mchana. Kabla ya wiki kwisha alimfuata Godefroid kanisani, mahali Godefroid alipopiga kinanda cha harmoniamu kila misa. Wote wawili walilelewa katika fanfare, bendi ya matarumbeta ya misheni, wakafundishwa noti na padri mwenye rula, na rula ile iliwaachia masikio ambayo hayakosei.

"Yaya, nipe si bémol," Faustin alisema, akimwita kaka mkubwa kama siku zote.

Godefroid akabonyeza. Faustin akaimba mwanzo wa wimbo, ukakaa juu ya harmoniamu kama kifuniko juu ya chungu chake.

"Njo fasi tulipigia," alisema. Kisha, akimaanisha santuri: "Sasa imba ile ya disque."

Godefroid hakuimba. Alisogeza kidole, akabonyeza do, hatua moja juu zaidi.

"Iko do," alisema. "Nayua. Nayua tangu ile 'Allez'. Miye sina sauti ya mutoto, na sikuwa na mafua. Machine ya Mugiriki ilikuwa inalala wakati ya kuandika, sasa kwa fono ya Mama Kapinga iko macho, inakimbia. Ilibeba kila kitu yulu: mwendo, sauti, weye, miye, bote."

"Basi tuwaambie bantu."

"Tuwaambie nini?" Godefroid alifunga kifuniko cha harmoniamu taratibu. "Bantu banapenda do. Tangu tulianza hii orchestre, ni siku gani balitupa kofia hewani? Utapiga do, ndugu yangu. Noti ni noti."

"Ile ya mwisho, hata mu si bémol naifikia na roho mukononi."

"Utafanya mazoezi," alisema Godefroid, akazima mshumaa.

Faustin alikwenda hata kwa Mgiriki. Bwana Stamati alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, asimkaribishe ndani, kisha akacheka na kumpiga begani. "Muziki mimi hapana yua," alisema kwa Kiswahili chake cha kuagizia wapishi. "Bantu nacheza? Nacheza. Basi, muzuri." Akarudi kwenye vitambaa vyake.

Lazima mtu aelewe jinsi mambo yalivyokuwa Élisabethville wakati ule. Katika baa za cité kulikuwa na desturi: kabla orkesta haijapiga wimbo wake, santuri iliwekwa kwanza, watu wakasikia, halafu wanamuziki wakaufuata vile vile, na ole wao wakipishana nayo. Mdomo wa mtu ungeweza kudanganya. Santuri ilikuwa imevuka bahari, imechapwa na Wazungu kwa mashine, ina karatasi ya rangi katikati. Nani angeambiwa kwamba imekosea, akaamini? Watu waliamini santuri kuliko masikio yao.

Mara ya kwanza orkesta ilipopiga kwa Mama Kapinga baada ya santuri kufika, Faustin aliwaomba wenzake wapige kama zamani. Walikubali kwa kumhurumia. Tarumbeta ilipoingia, chini, polepole, na huzuni yake yote, wachezaji walisimama wakatazamana. Mmoja akauliza kama kuna msiba. Mwingine akapaza: "Tunataka ile ya disque!" Na mwanamke mmoja wa La Rose, Honorine, aliyekuwa akitamani kiti cha urais wa chama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Disque iko ya Adolphine, lakini bwana haina wa disque!"

Baa nzima ilicheka, Adolphine yumo humo humo. Tangu santuri ilipofika, La Rose walikuwa wamemfanya rais wao, kwa sababu chama gani kingine kilikuwa na rais mwenye wimbo? Sasa alikaa na soda yake mbele yake, uso umekauka.

Njiani alitembea mbele peke yake. Nyumbani alisema neno moja tu: "Umenipakaa matope."

Basi Faustin akaanza kuitafuta do. Kila siku baada ya kazi alikwenda nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye kichuguu kikubwa, akapuliza akiangalia moshi wa bomba la kiwanda. Mwendo aliushika, vidole vilikuwa vyepesi. Noti za katikati alizishika pia. Lakini ile ya juu ilimkataa. Aliifikia kwa njia moja tu, kwa kuukandamiza mdomo wa tarumbeta kwenye midomo yake kwa nguvu zote za mkono, mpaka meno yakaingia ndani ya nyama. Padri wa zamani angemtandika rula kwa hilo. Mdomo wa juu ulivimba, ukapasuka, ukafunga, ukapasuka tena pale pale. Alikula bukari, ugali wa kwao, kwa upande mmoja wa mdomo. Chai ilimuunguza. Na alipoacha kwa siku kadhaa ili apone, noti ilikuwa imekimbia mbali zaidi.

Adolphine alimwona. Jioni moja alimletea maji ya chumvi ya kusukutua, na Faustin akafurahi kama mgonjwa aliyetembelewa.

"Inauma?" alimuuliza.

"Kiloko tu," alisema, kana kwamba ni kidogo.

"Dimanche ijayo La Rose tunafanya fête," alisema Adolphine, yaani sherehe ya Jumapili. "Nimeshaambia bote: batatia disque, halafu weye utasimama na utapiga vile vile. Honorine atafunga kinywa."

"Adolphine, sikia. Ile disque, machine ya Mugiriki ilikuwa inatembea polepole. Njo maana..."

"Ni machine tena?" Alichukua bakuli la maji kabla Faustin hajamaliza kusukutua. "Kama iko weye, utapiga. Kama haina weye, useme leo, ninyamaze, nipeleke aibu yangu kwetu."

Alimwangalia kwa macho yale yale ya siku ya kwanza, macho ya kumngoja yule mtu mwingine. Faustin akasema atapiga.

Siku iliyotangulia fête alimwendea Godefroid kanisani mara ya pili. Alimwonyesha mdomo. Hata Godefroid aligeuza uso.

"Yaya, nikianguka kesho, simama. Waambie juu ya ile machine. Sauti yako mwenyewe ni ushahidi. Weye mukubwa, weye batakusikia."

Godefroid akaweka kiganja juu ya harmoniamu.

"Ukianguka, miye nitasimama," alisema. "Mungu ananisikia mu nyumba yake."

Faustin alirudi nyumbani mwepesi. Aliwaza kwamba hata kushindwa kungekuwa mlango wa kutokea. Usiku ule alilala kama mtoto, maskini.

Fête ilikuwa alasiri, uani kwa Mama Kapinga, mbuzi wamechomwa, wanawake wa La Rose wamekaa safu mbili katika vitenge vyao vipya vya waridi. Adolphine alikuwa katikati, na kipepeo mkononi. Ndugu za watu, wafanyakazi wa migodi, makarani, wote walikuwepo. Mezani karibu na wanamuziki alikaa kijana mrefu ambaye Faustin hakumfahamu, mwenye nywele zilizogawanywa kwa njia, na miguuni pake palikuwa na kifuko cha ngozi cha umbo ambalo mpiga tarumbeta yeyote hulijua. Faustin alikiona. Hakuuliza. Labda hakutaka kujibiwa.

Santuri ikapigwa. "Allez!" ya kitoto, tarumbeta, noti ya mwisho, vigelegele. Sindano ikainuliwa. Honorine akakunja mikono.

Faustin alisimama akapuliza. Aliingia katika do, kwa mwendo wa santuri, na kwa kitambo kirefu mambo yakaenda. Watu walianza kutikisa vichwa. Mtu alipaza jina lake. Alimwona Adolphine akitabasamu nyuma ya kipepeo, na tabasamu lile likamtia nguvu ambazo mdomo wake haukuwa nazo. Noti ya mwisho ilipofika akakandamiza. Akaipata. Tunasema haki: aliipata, safi, juu kabisa, kwa muda wa mtu kufumba jicho. Kisha kidonda kikafunguka, hewa ikatoka pembeni, na badala ya noti ikatoka sauti ya tumbo. Damu ikashuka kidevuni, ikaingia kwenye shati jeupe ambalo Adolphine mwenyewe alikuwa amelipiga pasi.

Kicheko kilianzia kwa Honorine, kikaenda safu ya kwanza, kikaenda ya pili, kikafika kwenye mbuzi. Hata wapishi walicheka.

Faustin hakuwatazama. Alimgeukia Godefroid, mdomo ukichuruzika, akangoja.

Godefroid alikuwa ameinamia gitaa lake, akikaza waya ambao haukuwa umelegea. Aliukaza kwa muda mrefu. Halafu akasimama kama alivyoahidi, akainua mkono watu wanyamaze.

"Bandugu," alisema, "musimucheke. Huyu alikuwa anatusaidia tu, juu mwenyewe alikuwa mbali, Jadotville. Leo amefika. Mwenye disque huyu hapa: Alexis Mukuka!"

Kijana mrefu alifungua kifuko.

Na alipiga, Mungu wangu, alipiga vizuri. Midomo yake ilikuwa myembamba na mizima, amezaliwa kwa ajili ya noti za juu, na Godefroid alikuwa amemfundisha wimbo kutoka kwenye santuri, pumzi kwa pumzi, tangu siku ile ya kwanza ya harmoniamu. Hakuacha kitu. Alipofika katikati, pale ambapo pistoni ya Faustin ilikuwa imekwama kwenye ghala la Mgiriki, Alexis naye akajikwaa, kwa makusudi, kwa ustadi mkubwa, vile vile kabisa. Na watu wakashangilia hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kosa lile ndilo lililowathibitishia kwamba huyu ndiye.

"Ile ni pistoni yangu!" Faustin alipaza. "Ile ni kosa yangu, bandugu, njo mimi nilikosea pale!"

Lakini kwa mdomo uliopasuka maneno yalitoka maji maji, na watu wawili wakamshika kwapani kwa upole, kama anavyoshikwa mlevi, wakamtoa nje. Alipogeuka mlangoni alimwona Adolphine amesimama. Alidhani anamfuata. Alikuwa anakwenda kucheza.

Mvua zikaja, zikaisha. Adolphine alihamisha masanduku yake mchana kweupe kwenda kwa Alexis, akabaki rais wa La Rose, na hakuna aliyeona ajabu: wimbo una jina lake, ameolewa na mwenye wimbo. Mdomo wa Faustin ulipona vibaya, ukaacha kifundo kigumu katikati, na kwa kifundo hicho hakuweza tena kupuliza, hata kwa si bémol, hata kwa noti ya chini kabisa ya mtoto wa fanfare. Aliendelea na kazi karakanani. Waliompenda walimwita Faustin. Wengine walimwita "Yule wa Kusaidia."

Jumapili moja alipita karibu na kwa Mama Kapinga akasikia santuri inapigwa. Siku nyingine angevuka barabara. Siku hiyo aliingia. Watu walikuwa wakicheza, Alexis alikuwa kaunta, amewapa watu mgongo, Adolphine amekaa peke yake karibu na gramafoni akipiga mguu chini kwa mwendo wa wimbo. Faustin alifika mezani kabla mtu hajamkataza, akanyoosha mkono, akaweka ncha ya kidole ukingoni mwa santuri, taratibu, kama unavyogusa shavu la aliyelala.

Sauti ilitetemeka, kisha ikashuka. Alilegeza kidole, akakaza kidogo, mpaka masikio yake, yale ya rula, yakamwambia: hapo. Si bémol.

Tarumbeta ikatoka kifuani. Polepole, nzito, na nyuma yake lile ua, na kile kigoda, na mwanamke asiyelala ndani ya nyumba. Wachezaji walisimama wakiwa wameshikana. Faustin alikuwa analia wazi wazi, na hakujali. Alimtazama Adolphine, na akaona uso wake umebadilika, mkono umekwenda mdomoni. Alikuwa amesikia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuutambua wimbo ule, na huyu ameutambua.

"Umesikia?" Faustin alisema. "Umesikia sasa?"

"Nayua njo weye," Adolphine alijibu, chini, ili asisikie mwingine. "Nayua tangu ile siku ya kwanza. Pistoni yako hainipiti. Iko ile ya Wivine."

"Juu ya nini basi ulininyamazia?"

"Juu ulinipigia ile kila jioni, Faustin. Kila jioni nalikuwa nazika mutoto tena. Halafu siku moja disque ikafika, ikaanza kukimbia, na mutoto hakuwa mule ndani. Ukadhani nitapenda urudishe?" Machozi yalimjaa, akayapangusa kwa hasira kwa pindo la kitenge. "Tosha mukono."

Hakuutoa. Basi Adolphine akaushika mwenyewe, kidole hicho kimoja, akakinyanyua kutoka kwenye santuri, akamrudishia mkono wake kama kitu alichokisahau. Wimbo ukaruka juu, ukashika mbio zake. Mtu akapaza kwamba mlevi ameharibu wimbo, urudiwe, na Mama Kapinga akaja akairudisha sindano mwanzo. Mkwaruzo ukaja, kisha gitaa, kisha "Allez!" ya kitoto, na watu wakacheka kama kawaida.